Cheni zinazokufa kabla ya wakati Mtwara na Lindi: tatizo ni mafuta mengi, si mafuta machache

#1 Spoki_Mikindani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye baiskeli wa Mtwara na Lindi, iwe Phoenix ya kubebea madumu au ya gia iliyoshuka na mtumba. Nina kibanda cha ufundi Mikindani, na kuna somo moja nalirudia kwa kila mteja hadi mdomo umechoka. Naliandika hapa ili kuanzia leo mtu akiniuliza nimtumie kiungo, mimi niendelee na pancha zangu.

Cheni nyingi ninazozitupa hazikufa kwa kukosa mafuta. Zimekufa kwa kumwagiwa mafuta juu ya uchafu.

Mtu anasikia cheni inalia, anachukua kopo la oili, anamwaga, kelele zinakata, anaondoka na furaha yake. Kumbe mchanga uliokuwa umejikalia nje umepewa usafiri wa kuingia ndani. Mchanga wetu wa pwani mwingi ni kwatzi, madini magumu yanayokwangua chuma. Ukiuchanganya na oili unapata msasa unaotembea na wewe kila unapokanyaga pedeli.

Wateja wangu wako makundi matatu. Wachuuzi wa samaki, cheni zao zinaliwa na kutu. Wanaotoka juu, Newala na Tandahimba, zao zinaliwa na mchanga. Halafu kuna sisi wa mjini, baiskeli inatoka nyumbani kwenda sokoni na kurudi, cheni imeganda oili na vumbi hadi rola hazionekani. Hili la tatu ndilo linaloniudhi, maana ni la kujitakia.

Sasa tuelewane cheni inafanyaje kazi. Ina sahani za pembeni, pini, bushi (kibomba kidogo kinachoizunguka pini) na rola (kile kiduara cha nje kinachogusa meno). Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ni kilekile kwa baiskeli ya babu yako na kwa ya gia saba. Kinachotofautiana ni upana. Kinachosagika ni pini inapojizungusha ndani ya bushi kila cheni inapojikunja kupita kwenye meno. Pale ndipo mafuta yanahitajika, na pale hupaoni kwa macho. Huku nje kwenye sahani mafuta hayana kazi zaidi ya kuzuia kutu, na kwa kazi hiyo utando unaobaki baada ya kufuta kwa kitambaa unatosha.

Utaratibu wangu. Kama cheni ina kufuli, yaani kile kipande cha kuungia kinachofunguka, ivue. Kama haina, isafishe ikiwa palepale kwenye baiskeli. Usiigonge pini kwa msumari kila wiki, maana pini iliyotolewa na kurudishwa haishiki tena kama mwanzo. Kabla ya kimiminika chochote pita na brashi kavu, mchanga ung'oke ukiwa mkavu. Hatua hii wengi wanairuka. Kisha tafuta chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, cheni ndani, mafuta ya taa hadi cheni izame, funga, tikisa. Yatatoka meusi. Yamimine kwenye kopo jingine, weka mengine, tikisa tena, hadi yabaki na rangi yake. Meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) na ya friwili (ile ya nyuma inayozunguka bure ukiacha kukanyaga) unayapitishia mswaki wa zamani uliolowa mafuta ya taa, na kipande cha kitambaa ukivute kati ya jino na jino.

Petroli hapana. Najua inasafisha haraka, lakini mvuke wake unashika moto kwa cheche tu, na mafundi wenzangu tunajijua kwa sigara. Dizeli inasafisha vizuri, ila inaacha utando na inachelewa kukauka.

Halafu kausha. Kausha kwelikweli, juani, hadi harufu ipungue. Mafuta ya taa yakibaki ndani ya bushi yatazimua oili mpya utakayoweka, kisha utalalamika kwamba umeuziwa oili feki.

Ndipo uweke mafuta: tone moja kwa kila rola, kwa upande wa ndani unaogusa meno, huku unazungusha pedeli kinyumenyume taratibu. Anzia kwenye kufuli ili ujue umemaliza mzunguko. Cheni za dukani nyingi zina vipande 112 au 116, kwa hiyo ni matone mia na kidogo, si kikombe. Iache ilale. Asubuhi chukua kitambaa kikavu uifute hadi ukiishika vidole vinabaki karibu safi. Watu wanaona uchungu kufuta mafuta waliyonunua. Futa.

Cheni mpya inakuja na grisi ya kiwandani ndani yake. Hiyo usiioshe, futa nje tu uanze kazi.

Karibuni tubishane.

#2 Njomba_Halisi

Nakaa hapa mbele kabisa. Weka na picha mkuu.

#3 TengaLaSamaki

Fundi, mimi ni hao wa kundi la kwanza. Nachukua mzigo alfajiri Msangamkuu, navuka, napandisha Nanguruwe, siku nyingine nafika hadi Nanyamba. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanachuruzika kutoka kwenye tenga moja kwa moja hadi kwenye friwili na cheni. Cheni ikilala siku mbili bila kazi inakuwa nyekundu. Oili chafu napewa bure gereji ya bodaboda, naipaka kila asubuhi. Sasa hayo matone yako mia na kidogo nitayahesabu saa ngapi, na wateja wanasubiri kitoweo?

#4 Spoki_Mikindani

@TengaLaSamaki kaka, wewe uzi huu ni wako hasa, nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza oili chafu. Ile rangi nyeusi ni masizi ya injini, na ndani yake kuna unga wa chuma uliosagika kwenye injini ya mwenzako, pamoja na asidi zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Injini yenyewe imeikataa, wewe unaipa cheni. Na mkono wako je? Oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara kwa miaka si salama, ina vitu vinavyohusishwa na saratani ya ngozi. Halafu mkono huohuo unakata samaki wa wateja. Ya bure hiyo iache.

Pili, adui yako si msuguano, ni chumvi. Chumvi inavuta unyevu hewani, kwa hiyo hata baiskeli ikiwa ndani ya nyumba cheni inaendelea kulowa. Ukipaka oili juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani. Jioni ukirudi, kabla ya kula, mwagia cheni na friwili maji baridi ya bomba au ya kisima, maji matamu, kopo mbili tu, usitumie presha. Rusha maji kwa kuzungusha pedeli, futa kwa kitambaa, iache palipo na upepo. Asubuhi pitisha kitambaa chenye oili mpya kidogo. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Matone ya moja moja weka siku usiyokwenda pwani.

Tatu, na hili ndilo litakaloongeza umri wa cheni kuliko mafuta yoyote: zuia maji yasifike. Kata dumu la lita 20 kwa urefu, ubavu wake mmoja ulaze juu ya keria chini ya tenga, kingo zikiwa juu, na utoboe tundu kwenye kona ya kushoto nyuma. Cheni iko kulia. Maji yote yatamwagikia kushoto, barabarani.

#5 TengaLaSamaki

Hilo la dumu nimelielewa. Wenzangu wataniibia wazo kesho asubuhi pantoni.

#6 Kitangari_Boy

Wa pwani mmeongea, na sisi wa juu tuongee. Huku kwetu kiangazi barabara za ndani ni mchanga mtupu, mwekundu, laini kama unga, baiskeli unaisukuma kuliko unavyoipanda. Msimu wa salfa ndio usiseme: mtu amebeba mfuko wa salfa ya mikorosho kwenye keria, vumbi la njano linashuka kwenye cheni yenye oili, jioni una uji wa njano na mchanga. Mimi nimeachana na mafuta ya maji kabisa kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza. Natumia mshumaa.

Msicheke. Cheni naiosha kama fundi alivyosema, ikikauka kabisa nayeyusha mishumaa kwenye kopo, na kopo lenyewe linakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye moto, nta ya mafuta ikizidi joto inalipuka moto. Cheni inazama, unaona mapovu yanatoka, hewa inatoka ndani ya rola na nta inaingia. Mapovu yakiisha, itoe na waya, ining'inize. Ikipoa ni ngumu kama fimbo, unaikunja kunja kwa mkono hadi ilegee. Vumbi haligandi. Unaishika na shati jeupe la Ijumaa na hakuna kitu.

#7 Spoki_Mikindani

@Kitangari_Boy sibishi kwa huko kwenu, na hilo la sufuria ya maji umelisema vizuri. Ila msiige wa pwani. Nta haisambai tena baada ya kuganda. Ikikwanguka mahali, chuma kinabaki uchi, na huku upepo wa kusi unakuja na chumvi. Nimeletewa cheni ya nta iliyokaa Msimbati wiki ya mvua, kutu imeanzia kwenye kila pini. Na mvua ikikunyeshea njiani huwezi kuongeza nta pembezoni mwa barabara, wakati oili unatoa kichupa mfukoni.

#8 Kitangari_Boy

Wiki ya mvua nani alikwambia utumie nta? Nimesema kiangazi. Soma vizuri, fundi.

#9 Spoki_Mikindani

Haya, umenipata hapo kwenye kiangazi. Kwa pwani msimamo wangu ni uleule.

#10 Mwl_Mtama

Wakubwa, naomba niingize kitu kitakachowashtua. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, wakiongozwa na James Spicer, walipima cheni ya baiskeli maabarani. Ilipofanya kazi vizuri kabisa ilifikisha asilimia 98.6 ya nguvu kwenye gurudumu. Jambo la ajabu ni kwamba mafuta hayakubadilisha sana matokeo hayo, hata walipoiosha cheni mafuta yakatoka. Kilichobadilisha ni ukubwa wa sproketi na mkazo wa cheni: sproketi kubwa ilikuwa na upotevu mdogo kuliko ndogo, na cheni iliyovutwa kwa nguvu ilifanya vizuri kuliko iliyovutwa kidogo.

Kwa hiyo hii vita ya oili na mshumaa tunapigania nini?

#11 Njomba_Halisi

Mwalimu ameua uzi 😂

#12 Bushi_na_Rola

Hajaua kitu. Mwalimu, malizia na lile alilolisema Spicer mwenyewe: kwa walivyoona wao, kazi ya mafuta ni kujaza nafasi ndani ya cheni ili uchafu usiingie. Maabara haina mchanga wa Newala wala maji ya tenga. Walipima nguvu inayopotea kwa muda mfupi, hawakupima cheni itaishi misimu mingapi ya korosho. Ukiangalia vizuri, utafiti huo unamuunga mkono fundi wa #1: mafuta yanatakiwa ndani, na kazi yake ni kumfungia mlango mchanga. Yaliyobaki nje yanamwita.

Nyongeza kwa fundi, kwa heshima. Cheni za kisasa za gia nyingi hazina bushi kamili. Mdomo wa sahani ya ndani umekunjwa ukawa nusu bushi kutoka kila upande, katikati kuna mwanya. Oili inaingia kirahisi zaidi, na mchanga vilevile. Bushi kamili ndiyo ile ya Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, aliyeibuni mwaka 1880. Kabla yake pini ilikuwa inalemewa na unene wa sahani tu, eneo dogo, inalika haraka. Bushi ikautandaza mzigo kwenye pini nzima. Miaka mitano baadaye ikaja baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, yenye cheni ya kwenda gurudumu la nyuma, na ndiyo umbo tunalolipanda hadi leo.

#13 Spoki_Mikindani

Nimepokea nyongeza. Hiyo ya bushi nusu ndiyo sababu baiskeli za gia zinataka kufutwa mara nyingi zaidi kuliko Phoenix.

#14 Dada_Shangani

Habari zenu. Mimi nina ya gia, ya mtumba, naendea kazini, na jioni nazunguka nayo ufukweni Shangani. Nikikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka, "kah!", mguu unadondoka, mara mbili nusura nianguke. Fundi mmoja mjini ameniongezea grisi kwenye cheni. Kelele zimepungua ila bado inaruka. Niisafishe tena au ninunue cheni?

#15 Spoki_Mikindani

Pole dada. Usipande mlima nayo kwanza.

Grisi kwenye cheni futa kabisa, osha yote. Ni nzito, haiingii kwenye pini, inakaa nje inakusanya mchanga wa Shangani. Grisi ni ya gololi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, na za ekseli ya pedeli.

Kuruka huko mara nyingi ni cheni iliyolika. Tafuta rula yenye inchi. Cheni ikiwa imenyooka na imekazwa, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Kwa cheni isiyolika, pini ya 24 inakaa inchi 12 kamili, sentimita 30.48. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni. Ikifika moja ya nane, yaani milimita tatu, cheni imeshayaharibu meno ya nyuma pia. Cheni hairefuki kwa chuma kuvutika. Kila pini imelika unywele, na ukijumlisha zote unapata hizo milimita.

Angalia meno ya zile sproketi unazozitumia sana. Yakiwa yamelala upande mmoja na ncha zimechongoka, cheni mpya peke yake itaruka vibaya kuliko hii ya zamani. Itabidi uchukue zote mbili. Ndiyo hasara ya kuchelewa, cheni ni rahisi kuliko seti ya nyuma.

Kabla ya kutoa pesa kagua vitu viwili. Kuna kipande cha cheni kisichokunjika? Zungusha kinyumenyume uone kama kuna mahali inaruka juu kidogo ikipita nyuma. Hicho ni kipande kilichoganda kwa kutu. Weka mafuta, kikunje kwa mkono kushoto na kulia. Na vile vigurudumu viwili vidogo vya plastiki chini ya mkono wa gia, vikwangue kwa bisibisi bapa. Wengi hawajui kwamba uchafu mwingi wa cheni unatoka pale. Unasafisha cheni, jioni vigurudumu vinaurudisha.

#16 Dada_Shangani

Nimepima. Imezidi, tena si kidogo. Na kwenye vigurudumu nimetoa uchafu wa kujaza kifuniko cha soda. Asante kaka, wiki ijayo naleta Mikindani.

#17 Mnachi_wa_Nachingwea

Mimi cheni haina shida, shida ni friwili. Asubuhi napanda, pedeli inazunguka bure, baiskeli haiendi. Nikiipigapiga teke inashika. Mchana haifanyi hivyo.

#18 Bushi_na_Rola

Kuna mtu amekuwekea grisi ndani ya friwili, au oili ya zamani imekuwa gundi. Ndani mle kuna vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba vishike ngazi za ndani. Ile "tik tik tik" unayoisikia ukiacha kukanyaga ni vyenyewe. Asubuhi kuna ubaridi, grisi imeganda, springi haina nguvu ya kuinua kimeno. Mchana jua limeilainisha.

Vua gurudumu, lilaze friwili juu. Utaona mstari mwembamba kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka. Tia mafuta ya taa pale huku ukizungusha, yatokee upande wa pili, weka gazeti chini. Endelea hadi yatoke safi na mlio uwe mkali. Acha yakauke, kisha tia oili nyepesi, ya cherehani inafaa. Usiifungue friwili kama hujawahi. Ndani kuna gololi ndogo nyingi, zikimwagika mchangani umekwisha. Na usiipande barabara kubwa kabla hujaisafisha, siku itakayokataa kushika ukiwa umesimama kwenye pedeli utapiga kifua kwenye usukani.

#19 Pwani_ya_Mchinga

Hapa mnataja mafuta ya cherehani, oili mpya, mishumaa. Lindi tuna mafuta ya nazi ya kumwaga, mbona hamyataji? Bibi yangu alikuwa anapaka kwenye bawaba za milango.

#20 Ushoni_Ilulu

Naomba nijibu mimi fundi cherehani, maana hilo naliona kila siku. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana maji na chembe za machicha, yanachacha, na baada ya muda yanakuwa utando unaonata. Cherehani zilizotiwa mafuta ya kula zinaletwa kwangu gurudumu halizunguki. Alizeti ni mabaya zaidi, yanakauka kama vanishi. Bawaba ya mlango inajongea mara chache kwa siku, ndiyo maana ya bibi ilivumilia. Mafuta ya cherehani ni ya madini, hayachachi. Kichupa kidogo kinakaa sana, na kina mdomo mwembamba wa kutolea tone moja. Hata ukitumia oili nyingine, kichupa kikiisha usikitupe.

#21 Pwani_ya_Mchinga

Sawa mama, nazi ibaki jikoni.

#22 Spoki_Mikindani

@Ushoni_Ilulu shikamoo mama, umenipunguzia kazi. Niongeze tu kwamba ya cherehani ni mepesi, mvua moja kubwa yanaoshwa yote. Kwa hiyo kiangazi tumia hayo. Mvua zikianza, kwetu Novemba au Desemba hadi Aprili na kuendelea, tumia oili mpya ya injini, ile namba 40 au 20W-50 ya pikipiki, mabaki ya kopo yanatosha mwaka. Ni nzito kuingia kwenye pini, kwa hiyo izimue: sehemu moja oili, sehemu mbili mafuta ya taa. Inapenya ikiwa nyepesi, mafuta ya taa yanaruka hewani, oili inabaki ndani. Kisha unafuta nje kama kawaida. Na ile WD-40 ya kopo la bluu na njano isiwe ndiyo mafuta yako ya cheni: jina lenyewe linahusu kuondoa maji, inafaa kufukuza maji na kulegeza kutu, ikikauka weka oili.

#23 Kijana_wa_Ligula

Fundi mafuta ya taa siku hizi kuyapata ni kazi. Tangu bei ilipopandishwa 2011 kuzuia uchakachuaji wa dizeli, maduka mengi yameacha kuuza. Majivu je? Mama anasugulia sufuria na zinang'aa.

#24 Spoki_Mikindani

Majivu hapana, ni unga unaokwangua, tena yana magadi. Utakuwa umetoa mchanga na kuweka mchanga mwingine. Tumia maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chupa ileile, tikisa, badilisha maji mara kadhaa. Ila ukitumia maji lazima uikaushe mara moja, iweke juani kwenye bati, usiache ilale mbichi, na uiwekee mafuta siku hiyohiyo.

Na mafuta ya taa ukishayatumia usiyamwage. Yaache kwenye chupa siku mbili tatu, uchafu unashuka chini, ya juu unayamimina taratibu kwa kuoshea mzunguko wa kwanza safari ijayo. Ile tope ya chini usiipeleke karibu na kisima.

#25 Kitangari_Boy

Ujanja mwingine wa huku, wa bure. Mchanga mwingi unaorukia cheni unatoka gurudumu la mbele. Kata kipande cha tyubu ya zamani upana wa kiganja, kifunge mwisho wa madigadi ya mbele kining'inie karibu na ardhi. Utaona tofauti ndani ya wiki.

#26 Spoki_Mikindani

Hiyo naichukua, kesho naanza kuwafungia wateja. Nta yako bado sijaikubali lakini.

#27 Mbeba_Dumu

Nimechelewa kufika lakini naomba msaada. Nimesafisha cheni yote kama mlivyosema, friwili safi, mafuta nimefuta. Phoenix yangu bado inalia "ko" kila mguu wa kulia ukishuka, hasa nikiwa na madumu manne.

#28 Spoki_Mikindani

Hiyo si cheni. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa pedeli, tena ukiwa na mzigo, shuku kotapini ya krenki ya kulia, ile pini inayofunga mkono wa pedeli kwenye ekseli yake. Shika krenki zote mbili, moja mbele moja nyuma, zitikise kinyume. Ikicheza, imelegea. Usikaze nati peke yake, nati haivuti pini, inaishikilia tu. Weka gogo chini ya krenki, igonge pini kwa nyundo iingie, ndipo ukaze nati. Panda kidogo na mzigo, kaza tena. Kama upande wake bapa umeshaumbuka nunua mpya, zote mbili kwa pamoja ili zilingane, na ukizirudisha moja nati yake ielekee juu na ya pili chini, la sivyo pedeli hazitakaa mstari mmoja.

Na kama hiyo Phoenix ni ya zamani, angalia katikati ya habu ya nyuma na kwenye bomba la ekseli ya pedeli kama kuna kitundu chenye kifuniko cha bati. Hicho ni cha kutilia oili. Wengi wamekipaka rangi juu bila kujua.

#29 Mbeba_Dumu

Kipo! Kimezibwa na rangi ya kijani. Naenda kutafuta kotapini.